"F. LEG." AU "F. LIG."? Jinsi ya Kusoma Vifupisho vya Kazi Katika Madaftari ya Kale ya Parokia



Mlezi wa chama chetu alitutaka mwaka huu tuandike makala yenye funzo, tena funzo ambalo halimo katika vitabu vya kiada. Wenzangu wengi wamechagua methali na ngeli. Mimi nimechagua vifupisho. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Aa, vifupisho tulimaliza shule ya msingi! Si ni n.k. na k.m.?" Ngojeni kidogo. Vipo vifupisho vinavyoweza kumpunguzia mtu mzima miaka sita ya umri wake. Niliviona kwa macho yangu katika likizo ya Agosti mwaka 2024, na aliyekuwa akipunguziwa miaka ni nyanya yangu mzaa mama.

MAMBO YALIVYOANZA

Sisi twakaa Mukuru kwa Reuben, kule kwenye nyumba za mabati kati ya Industrial Area na Embakasi, ng'ambo tu ya Mto Ngong. Mwishoni mwa Aprili 2024 mvua ilinyesha hadi mto ukavunja adabu na kuingia majumbani. Nyumba ya nyanya, ambaye sote twamwita Shosho, ilijaa maji hadi magotini. Tulimtoa yeye, tukatoa godoro na jiko. Sanduku lake la bati tulilipata siku ya pili, limejaa matope. Ndani mlikuwa na kadi yake ya ubatizo. Ilikuwa imegeuka uji.

Kadi hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko tulivyodhani. Shosho alipochukua kitambulisho miaka ya 1980, karani mmoja alimtazama usoni, akakadiria, akaandika kwamba alizaliwa mwaka 1959. Shosho hakujua kusoma, kwa hivyo hakubisha. Ila siku zote alituambia, "Mimi nilizaliwa kabla ya Hali ya Hatari. Nilikuwa natembea wazungu walipotuhamisha kijijini." Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Kwa hivyo 1959 haiwezi kuwa kweli hata kidogo.

Mwaka una thamani yake. Kupitia mpango wa Inua Jamii, serikali huwapa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa kitambulisho chake Shosho alikuwa na miaka 65 tu. Akaambiwa kwamba mwaka unaweza kusahihishwa, lakini alete ushahidi wa maandishi. Ushahidi ndio huo uliogeuka uji! Likabaki jambo moja: kwenda katika parokia alikobatizwa, upande wa Murang'a, na kuomba nakala kutoka katika daftari lenyewe.

Mama hakuweza kuacha kibarua chake. Mimi ni msichana wa pili kwetu, na kwa desturi yetu nimepewa jina la nyanya mzaa mama, yaani mimi na Shosho ni wajina. Mama akasema, "Basi nenda na wajina wako. Wewe ndiye msomi." Tukapanda matatu asubuhi na mapema.

MADAFTARI HAYA NI NINI?

Kabla sijaendelea, yafaa tujue madaftari ya parokia ni nini. Kanisa Katoliki liliagiza katika Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, kwamba kila paroko aweke kitabu cha ndoa. Kule Uingereza, hata kabla ya hapo, mwaka 1538, makasisi waliagizwa waandike kila ubatizo, ndoa na mazishi. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 zilitaja vitabu vya kila parokia: cha waliobatizwa, cha waliopata kipaimara, cha ndoa na cha waliofariki. Aidha, paroko alitakiwa, kadiri awezavyo, kuwa na kitabu cha hali ya familia za parokia yake.

Murang'a ni mojawapo ya mahali pa mwanzo walipofika wamisionari wa Consolata kutoka Turin, Italia. Waliingia Tuthu mwaka 1902. Mapadre hao walikuwa Waitalia, waumini wao walisema Kikuyu, lakini madaftari yaliandikwa kwa Kilatini. Hali ilikuwa hivyo katika parokia nyingi za Kikatoliki hadi baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965. Hiyo ndiyo sababu mzee wa Murang'a aliyebatizwa kabla ya Uhuru huenda jina lake na la baba yake yameandikwa katika lugha ambayo yeye hakuisikia ila kanisani.

Fomu ya ubatizo haikuwa na safu ya kazi. Lakini padre aliyekuwa na akina Petro kumi katika parokia moja angewatofautishaje? Alichomeka kazi ya baba baada ya jina lake, kwa herufi mbili tatu, mahali padogo palipobaki. Basi msomaji, shika jambo hili: kifupisho kile hakikuwa pambo. Kiliandikwa ili Petro huyu asichanganywe na Petro yule. Ukikisoma vibaya, umewachanganya.

MARIA WATATU

Katibu wa parokia alitupokea vizuri, akatupa chai, kisha akaleta daftari kubwa lenye jalada jeusi lililochakaa pembeni. Kalamu ya wino hairuhusiwi karibu nalo. Niliruhusiwa penseli na daftari langu la mazoezi, na nikaambiwa nioshe mikono na kuikausha kwanza.

Shosho alijua mambo matatu: jina lake la ubatizo ni Maria, baba yake aliitwa Petro, na mama yake Anna. Padre wa miaka hiyo aliandika majina ya ubatizo tu, bila ya kienyeji. Baada ya saa nzima tulikuwa na Maria watatu wa baba Petro. Wa kwanza mama yake alikuwa Lucia, tukamwacha. Wakabaki wawili, na wote wawili mama zao ni Anna. Nanakili kama nilivyoona:

Wa kwanza: "Die 4 Martii 1951 bapt. est Maria, nata die 18 Febr., f. leg. Petri f. lig. et Annae."

Wa pili: "Die 9 Junii 1957 bapt. est Maria, nata die 2 Junii, f. leg. Petri cat. et Annae."

Katibu, ambaye amefanya kazi hiyo miaka mingi, alituonyesha maneno ya kawaida. "Die" ni siku, "bapt. est" ni alibatizwa, "nata" ni alizaliwa. "F. leg." ni filia legitima, yaani binti wa ndoa halali. Kisha akasema, "Huyu wa 1957 ndiye nyanya yako. Kitambulisho kinasema 1959, na 1957 ndiyo iliyo karibu. Huyu wa 1951 baba yake hakuandikiwa kazi. Padre amerudia tu f. leg. mara mbili, pengine alikuwa amechoka."

Nilimtazama Shosho. Kwa mwaka 1957 alikuwa na miaka 67. Kwa mwaka 1951 alikuwa na miaka 73. Kati ya miaka hiyo miwili palisimama herufi moja tu. Je, ilikuwa e au i?

Nikaomba ruhusa tulitazame daftari tena siku ya pili. Tulilala kwa mjomba. Usiku ule nilimpigia simu kijana mmoja jirani yetu pale kwa Reuben, ambaye alisoma seminari na ana kamusi ya Kilatini. Aliponisikia akacheka, "Kilatini? Wewe utakisoma aje?" Lakini alinisaidia sana. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza kwake, kwa katibu, na kwa daftari lenyewe. Nimeyapanga kama kanuni ili mwenzangu akipatwa na jambo kama hili asianze gizani.

KANUNI SITA

Kanuni ya kwanza: Jua lugha ya daftari. Usianze kubahatisha kwa lugha unayoijua wewe. Herufi "cat." ukizisoma kwa Kiingereza cha darasani utapata paka, na sidhani kama palikuwa na paka aliyebatiza watoto Murang'a. Madaftari ya zamani ya Kikatoliki, tafuta Kilatini. Ya Kianglikana, tafuta Kiingereza.

Kanuni ya pili: Jifunze mwandiko wa mwandishi. Kila mtu ana e yake na i yake. Chukua maneno ambayo huwezi kuyakosea, kama vile majina ya miezi na majina ya watakatifu, kisha unakili herufi zake moja moja. Mimi nilitumia "Petri" na "Martii". E ya padre huyu ina jicho, yaani tundu dogo katikati. I yake haina jicho, ni kijiti tu. Tena nukta ya i haikai juu yake. Alikuwa akiandika mbio, kwa hivyo nukta iliangukia kulia, wakati mwingine juu ya herufi inayofuata.

Sasa tazama mstari wa 1951. Kwenye "f. leg." ya kwanza mna jicho. Kwenye ile ya pili hamna jicho, na juu ya g mna nukta. Katibu alidhani nukta ile ni uchafu wa nzi. Nilimwonyesha nukta kama hiyo katika "Martii", palepale kwenye mstari. Akavua miwani, akaipangusa, akavaa tena. "Hebu," akasema, "hebu nione tena."

Kanuni ya tatu: Angalia neno limekaa wapi. Herufi moja yaweza kuwa na kazi nyingi. Katika Kilatini "f." yaweza kuwa filius au filia, yaani mwana au binti. Yaweza pia kuwa faber, yaani fundi. Utajuaje? Kwa mahali ilipo. "F." inayotangulia jina la baba ni ya mtoto: Maria, binti wa Petro. "F." inayofuata jina la baba ni ya baba. Tena padre alikwisha kusema kwamba Maria ni binti wa ndoa. Ya nini aseme tena, na baada ya jina la Petro?

Hapa ngeli zetu zikanisaidia. Sisi twasema mtoto mzuri, watoto wazuri, kitoto kizuri. Maneno huvutana, ndio upatanisho wa kisarufi. Kilatini nacho kina mvutano wake. Petrus akiwa yeye mwenyewe ni Petrus, lakini ukisema "wa Petro" jina lenyewe hubadilika kuwa Petri, na Anna huwa Annae. Kazi ya Petro nayo hufuata: faber lignarius huwa fabri lignarii, catechista huwa catechistae. Kifupisho hukata mkia huo, lakini wewe msomaji yakupasa uurudishe kichwani ili ujue kazi ni ya nani.

Kanuni ya nne: Tafuta mahali mwandishi alipoandika neno zima. Hakuna anayeanza kufupisha siku ya kwanza. Mtu huandika neno zima, kisha nusu, kisha robo, jinsi anavyozoea na kuchoka. Hata sisi darasani ukurasa wa kwanza wa daftari huwa safi kama wa mwalimu, na wa mwisho waujua mwenyewe. Kwa hivyo rudi nyuma. Tulirudi kurasa kadhaa tukapata "fab. lign." kwa mwandiko uleule, ikiwa baada ya jina la baba. Fab. lign. ni faber lignarius, fundi wa mbao, yaani seremala.

Kanuni ya tano: Linganisha na kitabu kingine. Mtu hutokea katika daftari zaidi ya moja. Tuliomba kitabu cha ndoa. Mwezi wa Oktoba 1949 wamefunga ndoa Petrus na Anna, na baada ya jina la Petrus padre ameandika bila kufupisha: "faber lignarius". Ndoa Oktoba 1949, mtoto Februari 1951. Hesabu inakubali.

Kanuni ya sita: Muulize mwenye habari. Nimeiweka mwisho kwa sababu mimi niliikumbuka mwisho, na ni aibu yangu. Nilishughulika na Kilatini siku nzima, Shosho ameketi kwenye benchi kando yangu, asiulizwe neno. Nilipomaliza nikamwambia kwa furaha, "Shosho, huyu wa 1951 baba yake alikuwa seremala!"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyegundua kwamba maji hulowesha. "Kwani baba yangu alikuwa nani? Mimi nililala juu ya maranda nikiwa mtoto. Sote tulijua. Nilikuwa naitwa Maria wa Fundi. Huyo mwingine alikuwa Maria wa Mwalimu, mtoto wa katekista. Alikuwa mdogo kwangu, nilimbeba mgongoni."

Katibu alicheka hadi machozi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wahenga walisema. Ila msidhani kwamba maneno ya Shosho peke yake yangetosha. Katibu hawezi kuandika cheti kwa "naitwa Maria wa Fundi". Alihitaji daftari liseme fundi. Nalo daftari peke yake lilikuwa limekwisha kutupoteza. Maandishi na kumbukumbu za mzee vilihitajiana, kama jozi ya viatu.

ORODHA YA KUANZIA

Hivi hapa ni vifupisho vya kazi ambavyo msomaji wa madaftari ya Kilatini yampasa avijue. Mapadre hawakufupisha kwa namna moja, kwa hivyo msivikariri kama jedwali la kuzidisha. Vitumieni kama dira.

Agr. ni agricola, mkulima. Fab. ferr. ni faber ferrarius, mhunzi. Fab. lign. ni seremala kama tulivyoona. Fab. mur. ni faber murarius, mwashi. Coq. ni coquus, mpishi. Sart. ni sartor, fundi wa nguo. Sut. ni sutor, fundi wa viatu. Hawa wawili hukosewa sana kwa sababu ya herufi za mwanzo na mwisho. Mil. ni miles, askari. Obst. ni obstetrix, mkunga. Huyu hutokea pia mahali pa mbatizaji, kwa kuwa mtoto akiwa hatarini kufa mkunga aliweza kumbatiza.

Vingine vina mitego. Past. ni pastor, lakini usikimbilie kusema ni kasisi. Mara nyingi ni mchungaji wa mifugo. Paroko kwa Kilatini ni parochus. Fam. yaweza kuwa famulus, mtumishi, au familia. Merc. yaweza kuwa mercator, mfanyabiashara, au mercenarius, mtu wa kibarua. Oneni jinsi herufi nne zinavyoweza kumpandisha mtu dukani au kumshusha shambani kwa mwenyewe! Hapo hakuna ujanja ila kanuni ya nne na ya tano.

Na cat. je? Yaweza kuwa catechista, katekista, au catechumenus, mtu anayejiandaa kubatizwa. Katika mstari wa 1957 nilijua ni katekista kwa sababu baba ameandikwa kwa jina la ubatizo, Petro, na mwanafunzi wa ubatizo huwa bado hajalipokea jina lake. Maneno ya Shosho yakathibitisha.

Tena vipo vinavyofanana na kazi navyo si kazi. Vid. ni vidua, mjane. Msimwandike mjane kuwa ndiyo kazi yake.

SI MADAFTARI YA KANISA TU

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni la Wakatoliki au la Murang'a pekee. Kule Uingereza, kuanzia mwaka 1813, kitabu cha ubatizo cha Kianglikana kilikuwa na safu ya kazi ya baba, kwa amri ya sheria iliyopitishwa mwaka 1812. Katika sensa yao ya mwaka 1841 waandishi waliruhusiwa kufupisha. Basi wafanyakazi wa mashambani kwa maelfu wakawa "Ag. Lab." na mtumishi wa kike akawa "F.S." Wajukuu wao hadi leo wanakuna vichwa.

Hapa kwetu palikuwa na kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kijikebe cha chuma, na ndani mliandikwa mwajiri wake, kazi na mshahara. Anayerithi karatasi za babu atakutana na herufi kama K.U.R., yaani reli ya Kenya na Uganda, P.W.D., yaani idara ya ujenzi wa serikali, au K.A.R., jeshi la askari Waafrika chini ya Mwingereza. Lakini angalieni: herufi hizo zinataja mwajiri, hazitaji kazi. Mtu wa K.U.R. aweza kuwa karani, aweza kuwa mpiga nyundo wa reli. Ukisema "babu alikuwa wa reli" bado hujasema alifanya nini na mikono yake.

NA SISI JE?

Tuliporudi kwa Reuben tulikuwa na nakala yenye muhuri wa parokia: Maria, amezaliwa tarehe 18 Februari 1951. Tumeiambatanisha na ombi la kusahihisha kitambulisho. Ninapoandika makala haya bado twangoja majibu. Shosho ameweka nakala yake ndani ya mifuko miwili ya plastiki na kuitundika juu ya msumari, mahali ambapo mto hautafika.

Lakini kuna jambo lililonishangaza. Jioni ile tulipofika alinitaka nimsomee, si tarehe, bali kazi ya baba yake. Nikasoma, "Faber lignarius. Fundi wa mbao." Akanyamaza. Halafu akasema baba yake alichukuliwa wakati wa Hali ya Hatari akapelekwa kizuizini, na yeye alikuwa mdogo, sura yake hakuishika vizuri. Alichoshika ni harufu ya mbao. "Soma tena," akasema. Nikasoma tena.

Jumatatu shule ilipofunguliwa nililitazama daftari la darasa letu, ile safu ya kazi ya mzazi. Niliona "k/b", "m/m" na "b/b". Sisi twajua: kibarua, mama mboga, bodaboda. Ni nusu ya darasa. Mama yangu ni k/b. Je, miaka 70 ijayo, mjukuu atakayelifungua daftari hilo atajua kwamba k/b ni mama aliyeamka saa kumi usiku akasimama kwenye lango la kiwanda kungoja kuitwa? Au atasema ni uchafu wa nzi?

Naomba basi, wanachama wenzangu, katika kumbukumbu za chama chetu tuandike maneno mazima. Wino si ghali hivyo. Na yeyote mwenye mzee nyumbani, amuulize likizo hii: baba yako alifanya kazi gani, na watu walimwitaje? Aandike jibu lote, asifupishe.

ZOEZI

Eleza maana ya mistari hii kwa Kiswahili:
1. "Joseph, f. leg. Pauli agr. et Luciae."
2. "Lucia, f. leg. Joannis past. et Mariae."
3. Katika kitabu cha ndoa: "Petrus coq. et Anna vid."
4. "Paulus, f. leg. Josephi fab. ferr. et Annae, bapt. ab obst."

Majibu: (1) Yosefu, mwana wa ndoa wa Paulo, mkulima, na Lusia. (2) Lusia, binti wa ndoa wa Yohane, mchungaji wa mifugo, na Maria. (3) Petro, mpishi, na Anna, mjane. Mjane si kazi. (4) Paulo, mwana wa ndoa wa Yosefu, mhunzi, na Anna. Alibatizwa na mkunga, kwa hivyo yawezekana alizaliwa akiwa hatarini.

Aliyepata yote anitafute maktaba Ijumaa saa kumi. Nitampa kazi nyingine ngumu zaidi: kuusoma mwandiko wangu.